Mkate wa Osaka: Juu ya Elimu Isiyotamkwa Katika Iniversite

Mwaka wa 1995 Wajapani wawili, Ikujiro Nonaka na Hirotaka Takeuchi, walitoa kwa Kiingereza kitabu kiitwacho The Knowledge-Creating Company, maana yake kampuni inayozaa elimu. Kitabu hicho hakikuandikwa kwa ajili ya mapadri, wala kwa ajili ya Afrika. Kiliandikwa kwa ajili ya wakubwa wa viwanda. Lakini mafundisho yake yametoka viwandani, yakaingia katika iniversite za ulimwengu pasipo kubisha hodi, na sasa yanasikika hata katika nyumba zetu za masomo. Tunaambiwa: kila mwalimu aandike yote anayoyajua, kila biro ijaze fomu, yote yawekwe katika ordinatere, ili profesa akifa au akihama, elimu yake isiondoke pamoja naye.

Neno hilo linapendeza masikioni. Nani asiyesikitika akiona mwalimu mzee anazikwa, na mwaka unaofuata hakuna mtu katika fakulte yake anayeweza kushika kazi aliyoiacha? Hata hivyo neno la kupendeza sherti lipimwe kama maneno mengine yote. Tunataka kutazama kitabu hiki kina kweli gani, kinapotea wapi, na sisi tulio katika seminari na iniversite za Kongo tupokee nini kwake.

1. Kitabu kinafundisha nini

Waandishi wanaanza na fundisho la Michael Polanyi, Mhungaria aliyefundisha kemia huko Manchester, Uingereza, kisha akageukia filosofia. Katika vitabu vyake viwili, kimoja cha mwaka wa 1958 na kingine cha mwaka wa 1966, Polanyi alionyesha kwamba ndani ya kila ujuzi wa mtu mna sehemu ambayo ulimi hauwezi kuimaliza. Mama anatambua kilio cha mtoto wake kati ya vilio vya watoto kumi. Mwulize anakitambua kwa alama gani, atacheka tu. Mvuvi wa ziwa Tanganyika anatazama maji alfajiri, kisha anakataa kusukuma mtumbwi. Vijana wasiomsikia wanakutana na upepo katikati ya ziwa. Mzee alijua, lakini maneno yake ni machache kuliko ujuzi wake. Elimu ya namna hii tutaiita elimu isiyotamkwa.

Nonaka na Takeuchi wanasema kwamba elimu isiyotamkwa yaweza kugeuzwa kuwa elimu iliyotamkwa, na kwamba hiyo ndiyo siri ya kampuni za Japani zilizofanikiwa. Wanaonyesha hatua nne. Kwanza, watu wanakaa pamoja, na mmoja anapokea ujuzi wa mwenzake kwa kutazama na kuiga. Pili, ujuzi huo unatamkwa kwa maneno, kwa mifano, kwa michoro. Tatu, maneno hayo yanaunganishwa na maandiko mengine. Nne, watu wanayatumia mpaka yawe tena ujuzi wa mikono yao. Kisha mzunguko unaanza upya, kwa upana zaidi.

Mfano wao unaojulikana sana ni ule wa mkate. Mwaka wa 1985 kampuni ya Matsushita, huko Osaka, ilikuwa ikitengeneza mashine ya kupika mkate nyumbani. Mashine ilishindwa kukanda unga: ganda la mkate liliiva kupita kiasi, na ndani ulibaki mbichi. Wainjinia walilinganisha hata picha za eksirei, za unga uliokandwa na mashine na za unga uliokandwa na fundi, wasione siri yake. Basi mmoja wa watu wa kazi hiyo, bibi Ikuko Tanaka, alikwenda kujifunza kwa mkuu wa waoka mikate wa hoteli moja ya mji ule iliyosifiwa kwa mkate wake. Huko alitambua kwamba fundi alikuwa na namna yake ya kuvuta unga anapoukanda. Alirudi, akafanya kazi pamoja na wainjinia, na baada ya majaribio ya mwaka mmoja waliweka ndani ya mashine mistari iliyoinuka ya kuushika unga. Mkate ukawa mzuri, mashine zikauzwa.

2. Kweli iliyo ndani yake

Kabla ya kukosoa, tukubali lililo kweli. Ni kweli kwamba karatasi peke yake haitoshi. Jambo hili halionekani kwa waoka mikate tu. Linaonekana hata kwa watu wa sayansi, ambao tungedhani kwamba wanaishi kwa maandiko.

Mwaka wa 1974 mwanasosiolojia Mwingereza, Harry Collins, aliandika habari ya laboratwari za Uingereza zilizotaka kutengeneza namna fulani ya lesa, mashine ya mwanga mkali, ambayo ilikuwa imebuniwa Kanada. Maelezo yake yalikuwa yamekwisha kuchapwa katika magazeti ya wanasayansi, na kila mjuzi aliweza kuyasoma. Collins alikuta kwamba hakuna laboratwari hata moja iliyofaulu kwa kusoma tu. Waliofaulu ni wale waliokwenda kwa wenzao waliokwisha kufaulu, au waliozungumza nao mara nyingi. Tena kulikuwa na mambo ambayo hata waliofaulu hawakujua kwamba ni ya maana. Nyaya fulani za mashine zilipaswa kuwa fupi. Mwanzoni hakuna aliyeandika hivyo, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba urefu wa nyaya zile una neno.

Kama ni hivyo kwa mashine, itakuwaje kwa filosofia na teolojia? Mwanafunzi wa iniversite anapewa vitabu, ratiba na sheria za mitihani. Lakini yako mambo ambayo hayamo humo. Swali jema la teze linachaguliwaje kati ya maswali mia yasiyofaa? Mwalimu anatambuaje kwamba hoja fulani ni tupu, ingawa maneno yake yamepambwa? Maandiko ya Mababa yanasomwaje ili mtu asiyatie mawazo yake mwenyewe? Mwanafunzi anaambiwaje kwamba kazi yake haijaiva, pasipo kumvunja moyo? Mambo hayo hujifunzwa karibu na mtu anayeyafanya. Katika hili Nonaka na Takeuchi wamesema vema: bibi Tanaka hakuandika barua hotelini ili atumiwe maelezo. Alikwenda, akakaa pamoja na fundi.

3. Mahali kitabu kinapopotea

Kosa la kitabu liko katika neno lake kubwa, neno "kugeuza". Waandishi wanasema juu ya elimu kana kwamba ni mahindi: leo yamo ghalani, kesho yametiwa katika gunia, na uzito wake ni ule ule. Polanyi, ambaye wanamtaja kama baba wa mawazo yao, hakufundisha hivyo. Kwake yeye elimu isiyotamkwa haikuwa ghala linalongoja kumwagwa katika karatasi. Ilikuwa mzizi. Elimu yote iliyotamkwa inasimama juu yake, hata hesabu, hata sheria. Kwani mwenye kusoma sheria sherti ajue tayari namna ya kuielewa na saa ya kuitumia. Ukiandika sheria nyingine ya kueleza ile ya kwanza, utahitaji ya tatu kwa kueleza ya pili. Mwisho wake hauonekani.

Turudi kwenye mkate. Mwaka wa 2007 Rodrigo Ribeiro na Harry Collins waliuchunguza mfano huu, wakakataa kwamba ujuzi wa fundi wa Osaka ulihamia ndani ya mashine. Tukitazama vizuri tutaona sababu. Mashine imepokea mwendo mmoja wa mikono yake. Haijui mkate mzuri ni upi. Haijui kwamba unga wa leo una unyevu kuliko wa jana, wala kwamba leo kuna wageni. Mwenye nyumba ndiye anayepima unga, anayeonja, anayeutupa mkate ulioharibika. Kilichoandikwa ni kitu chenye faida, lakini ni jani moja la mti. Mti umebaki hotelini.

Sisi tuliosoma Mtakatifu Tomasi tusingepaswa kushangaa. Katika maswali yake juu ya kweli, pale anaposema juu ya mwalimu, anakana kwamba mwalimu anamimina elimu yake ndani ya mwanafunzi kama maji katika mtungi. Mwalimu anamsaidia mwanafunzi kufikia kwa akili yake mwenyewe kile alichokuwa na uwezo wa kukijua, kama mganga anavyosaidia mwili ambao una nguvu yake ya kupona. Na kabla yake Aristotle aliandika kwamba vijana waweza kuwa hodari katika hesabu, lakini busara hawanayo bado, kwa sababu busara inahitaji mambo mengi yaliyoishiwa. Basi anayeahidi kuweka busara ya iniversite katika ordinatere anaahidi kitu ambacho wakubwa hao wa filosofia walijua kwamba hakipatikani kwa njia hiyo.

4. Vitu vitatu chini ya jina moja

Je, tuache kuandika? Hapana. Hapa ndipo inapofaa kupambanua. Katika kitabu cha mwaka wa 2010 Collins aligawanya elimu isiyotamkwa katika aina tatu, na mgawanyo huo unatusaidia kuliko hatua nne za Wajapani.

Aina ya kwanza ni elimu ambayo ingeweza kusemwa lakini haikusemwa. Labda mwenye nayo anaificha. Labda hajui kwamba mwenzake haijui. Labda hakuna aliyemwuliza. Aina ya pili ni ile ya mwili: kupanda baiskeli, kukanda unga, kupiga kinanda, kushika kisu cha mganga. Aina ya tatu ni ile inayokaa katika jamaa ya watu: kujua lugha kama wanavyoijua wenyewe, kujua wakati wa kunyamaza, kujua lipi ni adabu na lipi ni woga. Hii ya tatu haikai katika kichwa cha mtu mmoja, na mtu huipata kwa kuishi kati ya watu wale.

Nonaka na Takeuchi wanaziweka zote tatu katika kikapu kimoja, kisha wanaahidi dawa moja. Kumbe kila moja ina dawa yake, na kwa iniversite zetu tofauti hii ni jambo zito.

Tuseme wazi. Sehemu kubwa ya yale yanayopotea pamoja na maprofesa wetu ni ya aina ya kwanza. Yangeweza kusemwa. Ni mahali zilipo hati za zamani za misioni, na nani ana funguo zake. Ni sababu ya kubadili ratiba ya masomo miaka kumi iliyopita, na kosa lililosababisha kubadili. Ni namna ya kuandika barua ya kuomba msaada wa masomo Ulaya, na majina ya watu wanaojibu. Ni kosa ambalo kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu hulifanya katika memwari, na ambalo mwalimu amelisahihisha mara mia pasipo kuwaambia wa mwaka wa pili. Hakuna fumbo la filosofia hapa. Kuna haraka, kuna uvivu, na mara nyingine kuna kiburi: nikiwapa yote, nani atanihitaji?

Collins alikuta jambo hilo hilo kwa watu wa lesa. Baadhi yao waliwajibu wageni wao maneno ya kweli tupu, lakini hawakusema kweli yote. Walijibu lililoulizwa, basi. Wale walikuwa wakishindana kwa sifa. Je, kwetu ni tofauti? Asistanti mmoja anaishi miaka mingi kando ya profesa wake, akimbebea mafunzo, akimsahihishia mitihani, asiambiwe hata siku moja namna teze inavyojengwa. Wanafunzi wananunua silabusi, tena huko na huko wanalazimishwa kuinunua, kana kwamba karatasi zile ndizo elimu yenyewe. Hapo tunaona mambo yamepinduliwa: kile kinachoweza kusomwa bure kinauzwa, na kile kisichonunulika, yaani mwalimu mwenyewe na saa zake, kinanyimwa.

Wanaoumia kwanza ni maskini. Mwaka wa 1968 Mmarekani Philip Jackson, aliyechungulia maisha ya madarasa ya watoto, alionyesha kwamba chini ya masomo yaliyoandikwa shule ina masomo mengine yasiyoandikwa, na kwamba mtoto sherti ayajue hayo pia ili afaulu. Mwana wa profesa anayajua kwa kula mezani pamoja na baba yake. Mwana wa mlimaji kutoka kando ya Lualaba hayajui. Hajui kwamba aweza kugonga mlango wa mwalimu na kuuliza. Hajui kwamba swali lake si matusi. Anashindwa, na watu wanasema hana akili. Kwa hiyo tunathubutu kusema kwamba kuficha elimu ya aina ya kwanza si kosa la utaratibu tu. Ni kosa juu ya haki, na mwenye kulifanya sherti alichunguze moyoni mwake kama anavyochunguza madeni mengine.

Juu ya aina hii, basi, tunawaunga mkono wale wanaotuambia tuandike. Tuandike, tuseme, tuwape wote. Lakini juu ya aina ya pili na ya tatu fomu haziwezi kitu. Mwenye kuzijaza atachoka, na mwenye kuzisoma hatapata kitu.

5. Lovanium, na lukasa ya Waluba

Polanyi mwenyewe ana neno ambalo sisi Waafrika hatuwezi kulipita kimya. Katika kitabu chake cha 1958 aliandika kwamba kazi ya uchunguzi wa sayansi katika nchi za ng'ambo isingeendelea sana kama vijana wa huko wasingejifunza chini ya mabwana wa Ulaya, au kama wanasayansi wa Ulaya wasingehamia huko. Maana ujuzi wa kuchunguza hupita kutoka mtu kwa mtu, wala fedha haziununui. Miaka minne kabla, mwaka wa 1954, Iniversite ya Lovanium ilikuwa imefunguliwa karibu na Leopoldville, binti wa Louvain. Neno la Polanyi lilikuwa kama limeandikwa kwa ajili yake. Je, ni kweli?

Nusu yake ni kweli, na historia ya nyumba ile inaonyesha hivyo. Mwezi wa kwanza wa mwaka wa 1960, mwanafunzi Tharcisse Tshibangu alisimama kubishana hadharani na Alfred Vanneste, mkuu wa fakulte yake ya teolojia, kama inawezekana kuwa na teolojia ya Kiafrika. Hoja zao zilichapwa mwaka ule ule katika Revue du Clergé Africain, na waseminari wengi wamezisoma. Lakini hoja ni sehemu tu ya lile lililofanyika. Siku ile ilionekana kwamba mwanafunzi aweza kupingana na mwalimu wake kwa heshima, na mwalimu aweza kumjibu pasipo kumwadhibu. Tshibangu alikuja kuwa Rekta, kisha Askofu. Desturi kama ile haimo katika sheria yoyote ya iniversite. Asiyeiona ikitendwa hatajua kuitenda, hata akisoma hoja zote mbili mpaka azishike kwa moyo.

Mwaka wa 1971 serikali iliziunganisha Lovanium, iniversite ya Lubumbashi na ile ya Kisangani kuwa iniversite moja ya taifa. Amri ilihamisha fakulte kama watu wanavyohamisha vyombo. Fakulte ya barua na mambo ya watu ilipelekwa Lubumbashi. Baada ya miaka michache teolojia ilitolewa kabisa katika iniversite ya serikali. Mwaka wa 1981 nyumba zikatengwa tena tatu. Karatasi ziliweza kufuata amri hizo zote. Elimu isiyotamkwa haikufuata amri, ilifuata watu. Lubumbashi ilikuwa na sifa kubwa katika miaka ya 1970, kwa kuwa watu kama V. Y. Mudimbe walifundisha huko. Na teolojia, iliyofukuzwa, haikufa. Majuma ya teolojia ya Kinshasa, yaliyoanza mwaka wa 1964, yaliendelea baada ya fakulte kupoteza cheo chake cha serikali, na leo fakulte hiyo imo katika Iniversite Katolika ya Kongo. Desturi ya kukutana na kubishana ilikuwa imekwisha kuingia ndani ya watu.

Nusu ya pili ya neno la Polanyi si kweli. Alisema kana kwamba ng'ambo hapakuwa na mabwana wala wanafunzi mpaka meli ya Ulaya ifike. Lakini wahunzi wetu walijua nini, kama si elimu ya mikono iliyopita kutoka kwa baba hadi mwana? Na Waluba wa Katanga walikuwa na lukasa, ubao mdogo uliopambwa kwa shanga na makombe. Watu wa chama cha Mbudye, waliofunzwa kazi hiyo, walipitisha kidole juu ya shanga, wakasimulia habari za wafalme, za safari na za nchi. Shanga ile ile yaweza kusomwa kwa namna tofauti, kadiri ya shauri lililoletwa na ya watu waliopo. Leo mbao kadhaa za namna hiyo zimo katika nyumba za makumbusho za Ulaya na Marekani, zimehifadhiwa vizuri nyuma ya kioo. Kila shanga iko mahali pake. Lakini anayezitazama pale haoni mfalme hata mmoja, kwa sababu hakufunzwa na mwenye kusoma.

Lukasa inawajibu wote wawili, Polanyi na Wajapani. Polanyi inamwambia kwamba shule ya bwana na mwanafunzi haikuletwa kwetu na mgeni. Wajapani inawaambia kwamba alama zilizohifadhiwa, hata zikihifadhiwa zote, si elimu bado. Tena inatuonya sisi wenyewe, kwa maana elimu ya Mbudye ilikuwa ya waliopokelewa tu, nayo iligawanywa kwa vyeo. Mahali elimu inapokaa kwa wachache, wachache wakitawanyika, ubao unabaki bubu. Amadou Hampâté Bâ wa Mali aliwaambia wakubwa wa UNESCO mwaka wa 1960 kwamba kufa kwa mzee wa Afrika ni kama kuteketea kwa maktaba. Neno hilo linarudiwa kwenye maziko mengi. Tungependa tuongeze swali moja: wakati mzee yule alipokuwa hai, nani alikuwa akisoma?

6. Yanayotupasa

Mtu ataweza kutuambia: Eklezya ni jamaa ya Kitabu, mbona ninyi mapadri mnadharau maandiko? Tunajibu kwamba hatuyadharau. Konsili ya Vatikano ya pili, katika fundisho lake la mwaka wa 1965 juu ya ufunuo, inatufundisha kwamba Mitume waliyapasha waliyoyapokea kwa mahubiri, kwa mifano na kwa taratibu walizoziweka, na kwamba Eklezya inaendelea kuyapasha katika mafundisho yake, maisha yake na ibada yake. Maandiko Matakatifu na Mapokeo vinatoka katika chemchemi moja, wala kimoja hakisimami pasipo kingine. Mtakatifu Yohane, aliyeandika sana, anamaliza barua zake mbili ndogo akisema kwamba anayo mengine mengi, lakini hataki kuyaweka katika karatasi na wino. Anatumaini kuja na kusema uso kwa uso. Mtume hakukosa wino. Alijua kipi ni cha wino na kipi ni cha uso kwa uso.

Tukipokea hivyo, mashauri ni rahisi kuyasema, ingawa kuyatenda kuna gharama.

Kwanza, yale yanayoweza kusemwa yasemwe. Kila mwalimu anayeondoka katika kazi aandike kurasa chache kwa ajili ya atakayemfuata: wapi kuna hati, nini kilijaribiwa kikashindwa, na kwa sababu gani. Padri anayehama parokia afanye vivyo hivyo, na mkatekista wake asiwe wa mwisho kuulizwa, maana mara nyingi yeye ndiye anayejua zaidi.

Pili, mwalimu apewe nafasi ya kuwa na wanafunzi wachache karibu naye katika kazi yenyewe. Asistanti aketi pale profesa wake anaposoma teze ya mtu, asikie anavyopima. Mseminari aende pamoja na padri kwa mgonjwa, aone anavyoingia nyumbani, anavyoketi, anavyonyamaza. Wakuu wa nyumba wakihesabu saa za kufundisha darasani tu, na saa hizi wasizihesabu, walimu wataziacha. Na hatuwezi kuwalaumu wakati mshahara wao wenyewe unachelewa.

Tatu, nyumba isivunje jamaa za watu pasipo sababu kubwa. Kumhamisha mtu ni kazi ya siku moja. Kufanya jamaa inayojua kubishana kwa heshima ni kazi ya miaka ishirini.

Kitabu cha Nonaka na Takeuchi, basi, kisomwe. Kimeona kwamba mtu anajifunza kwa kukaa na fundi, na ni wachache kati ya wakubwa wa iniversite walioliona hilo. Lakini wanaokileta kwetu wamechukua hatua ya pili na ya tatu, zile za karatasi, kwa kuwa zinahesabika, wakaacha ya kwanza. Wametuletea mashine ya mkate, nasi hatujaketi bado na mwoka mikate.

Mtume Paulo alimwagiza Timoteo kwamba yale aliyoyasikia kwake mbele ya mashahidi wengi awakabidhi watu waaminifu, watakaoweza kuwafundisha wengine. Katika agizo hilo dogo mna vizazi vinne: Paulo, Timoteo, waaminifu, na hao wengine. Barua tunayo. Kila mmoja wetu ajiulize ni nani aliye wa tatu, ambaye yeye anamkabidhi sasa, angali na nguvu za kuketi naye.